Walinipitisha Kwenye Utepe Nikiwa Nimefunikwa Kitenge

Jumapili, mwishoni mwa Juni. Vumbi, na moshi wa majani wanayochoma kule mabondeni. Jua lipo lakini halina joto.

Niko kwenye chumba cha kompyuta cha parokia. Misa imekwisha, watu wamebaki nje wanapiga soga, nami nimezungukia mlango wa nyuma ili nisipite katikati yao. Ninaandika hapa kwa sababu watu wa kijijini kwetu Ntobeye nawajua wote, na hakuna hata mmoja anayesoma blogu. Wewe unayesoma hunijui. Ndiyo maana nakuambia.

Sikumaliza.

Nimeliweka peke yake hilo neno ili nilitazame vizuri. Tangu mvua za mwaka jana nimekuwa nikiamka kabla ya jogoo, nikiogelea kwenye maji yanayonuka ng'ombe, nikipanda vilima na baiskeli, nikikimbia na ndoo tupu mkononi ili watu wafikiri naenda kisimani. Yote hayo kwa ajili ya jana. Na jana sikumaliza.

Kwa asiyejua, shirika moja linalofanya kazi kambini liliandaa mashindano ya ujirani, sisi wenyeji pamoja na wakimbizi wa Burundi. Unaogelea bwawa la misheni kwenda na kurudi, tena na tena. Ukitoka unapanda baiskeli hadi geti la kambi. Pale unaiacha baiskeli, unakimbia kwa miguu hadi mjini Ngara. Na Ngara, kama hujafika, iko juu. Utepe waliufunga barabara ya kwenda hospitali.

Sasa nikueleze kuhusu Baba, maana bila yeye hutaelewa kwa nini nalia mbele ya kompyuta ya Padri.

Baba si mtu wa maneno mengi, na mimi ni wa machache zaidi. Lakini kuna jambo moja amelishika juu yangu tangu nikiwa mdogo, kwamba simalizi. Kwaya niliacha. Mkeka niliouanza nikiwa darasa la sita bado umesimama ukutani, nusu. Chakula nabakiza. Hata sentensi naanza vizuri, mtu akiniangalia tu usoni naiachia njiani. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari ni Kiingereza, nyumbani Kihangaza, na kote huko sina lugha ninayofika nayo mwisho.

Alipoambiwa kwamba binti yake anaonekana bwawani alfajiri, nilijua nitachapwa. Hakunichapa. Alikaa kwenye kigoda, akasema:

"Wewe hujawahi kumaliza kitu. Kidato cha nne utakimaliza vipi? Haya, maliza hiki kimoja, nami nitajua shule unaiweza. Ukikiacha njiani, utaenda Nyantakara, kule Biharamulo, kwa shangazi yako, ukamsaidie watoto na shamba. Huko hakuna cha kumaliza."

Nikasema, "Sawa Baba, lakini..."

Akasubiri. Ile lakini haikuwa na kitu nyuma yake.

Aliyenifundisha kuogelea ni Esperansi. Ni msichana wa kambini, rika langu, alijifunza kwa kaka zake kwenye ziwa la kwao kabla hawajakimbia. Wiki nzima alinishika kidevu juu ya maji akiniambia nikimng'ang'ania tena shingoni ataniachia nizame, na baba yangu atalipwa mbuzi. Yeye haoni haya. Anacheka kwa sauti, anaomba kwa sauti, anasema "yampayinka!" kila akishangaa, na anashangaa kila saa. Mimi nilikuwa namfuata tu, kimya, kama mkia.

Jana majini nilitoka wa nne. Wa nne kati ya wasichana wote! Kwenye baiskeli nilishuka kidogo, kwa sababu baiskeli ya Baba ni ile inayobeba ndizi, nzito, na breki yake ni soli ya kandambili. Lakini sikuwa wa mwisho. Nilifika getini nikiwa na miguu. Nasema ukweli, nilikuwa na miguu.

Kilichoniua ni maji.

Njia nzima ya kukimbia waliweka meza za maji. Vijana wamesimama na vikombe, wanapiga makofi, wanakuita. Unanyoosha mkono, unachukua, unakunywa huku unakimbia. Rahisi. Kila mtu alifanya hivyo. Mimi nilifika meza ya kwanza niko peke yangu barabarani, na macho yale yote yakawa yangu. Kwetu msichana hanywi akitembea njiani mbele ya watu. Mama alinifundisha hivyo, na mama yake naye alimfundisha hivyo. Niliyaona maji yatakavyonimwagikia kidevuni na kifuani, na wale vijana wakitazama. Nikasema "asante" kama mtu aliyeshiba, nikapita.

Meza ya pili nikafanya vilevile. Ya tatu nikavuka hadi upande wa pili wa barabara ili wasiniite.

Miezi yote ile nilifanya mazoezi ya mapafu, ya mapaja, ya mikono. Mazoezi ya kunyoosha mkono nikapokea kikombe sikuyafanya hata siku moja.

Kwenye kilima cha mwisho miguu ikaacha kuwa yangu. Nilikuwa nayaona mabati ya Ngara yanang'aa pale juu. Nikasema nikae kidogo chini ya mikaratusi. Nikakaa. Halafu nikalala. Halafu nikasikia watu wanaulizana huyu ni wa nani, na hakuna aliyenijua, maana huko si kwetu.

Sasa hapa ndipo sijui nilie au nicheke, maana wilaya nzima inacheka.

Vijiji vya huku kila kimoja kina machela yake ya kubebea wagonjwa, sisi tunaita ingobyi. Ni kitanda cha kusuka chenye miti miwili, kinabebwa mabegani na wanaume wanne. Na sheria yake hakuna asiyeijua: mwanaume yeyote mzima akikutana na machela njiani, anaweka chini alichoshika na kupokea bega. Akipita hivihivi atasemwa hadi wajukuu. Basi wakaileta, wakaniweka. Gari la shirika lilikuwa limeshatangulia kwenye utepe na washindi, nani angelisubiri?

Mama mmoja akaona kaptula yangu ya michezo, inaishia juu ya goti. Akasema, "Mtoto wa watu hawezi kupitishwa mjini namna hii." Akavua kitenge chake akanifunika, kichwa hadi vidole. Alinionea huruma. Simlaumu.

Lakini fikiria wewe ungekuwa njiani. Unaona machela inapita mbio kuelekea hospitali, wanaume wanatoka jasho, na ndani kuna mtu wa kike amefunikwa kitenge anagugumia. Ungefikiri nini?

Mtu akapaza sauti kutoka dukani, "Vipi, uchungu umeanza?"

Kati ya walionibeba upande wa mbele kulikuwa na mwanaume mmoja mcheshi, wenzake wanamwita Kagoma. Akajibu, "Umeanza kitambo! Kichwa kimeshaonekana! Njoo ushike mti, usisimame hapo kama shemeji!"

Wakaangua kicheko. Waliokuwa dukani wakatoka mbio, wakapokea mabega. Kagoma na wenzake wakabaki nyuma wanajishika mbavu. Na wale wapya hawakujua kwamba ulikuwa mzaha. Wakaniendesha kama mzazi. Waliokutana nao wakawaambia, na hao wakawaambia wengine. Wanawake wakaanza kupiga vigelegele pembeni.

Nakiri hapa, na sitakiri pengine. Sauti nilikuwa nayo. Ningeweza kufunua kile kitenge nikasema jamani, mimi ni mkimbiaji, namba yangu hii hapa kifuani. Sikufunua. Nilikishika kwa ndani kwa vidole vyote ili upepo usikifunue. Niliona afadhali nipite pale nikiwa mama fulani anayejifungua kuliko kupita nikiwa mimi niliyeshindwa.

Tukafika kwenye utepe. Nilijua kwa kelele. Mtangazaji akasema kwenye kipaza sauti, "Tupisheni jamani, inueni utepe, kuna mama mjamzito anapita! Tumpigie makofi, naye yuko kwenye mashindano yake!" Watu wakapiga makofi. Kwa miezi nilikuwa nikiyaota makofi hayo. Nikayapata, chini ya kitenge cha mtu.

Ndipo nikasikia, "Nipeni huku mbele. Bega langu bado zima."

Sauti hiyo niliijua kabla sijaelewa inasema nini.

Baba alikuwa amesimama pale tangu asubuhi, akinisubiri. Machela ikapita mbele yake, naye ni mwanaume mzima, akapokea. Alikuwa upande wa kichwa changu. Nilinusa koti lake. Na akaanza kuzungumza nami, akihema, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake hata nilipougua surua.

"Vumilia mama. Tumefika. Usiogope, tuko wengi. Vumilia, mama yangu."

Halafu akamgeukia aliyekuwa upande wa pili. "Huko mlikotoka hamkumwona msichana mwembamba, mrefu, anakimbia? Ni wangu yule."

"Wa nyuma bado wako kilimani, mzee."

"Atafika," Baba akasema. "Leo atafika."

Mimi niko hapo. Kichwa changu kiko chini ya kwapa lake.

Mlangoni pa hospitali nesi alikuja akafunua kitenge kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayefunua chungu. Baba alikuwa bado na mti begani. Aliniangalia usoni. Akaangalia kile kitenge. Watu wote walikuwa wanatazama, na wote walikuwa wamembeba mjamzito kutoka kilimani.

Akauliza maneno mawili tu. "Ni nani?"

Alikuwa anauliza aliyenipa mimba.

Nikasema, "Baba, mimi..."

Akasubiri. Mara zote husubiri, hilo siwezi kumnyima. Nilikuwa na ulimi kama kipande cha gome, lakini usifikiri ni kiu pekee. Aliniangalia nikiiachia sentensi njiani mbele ya watu. Akateremsha mti taratibu, kama mtu anayeweka chini mayai, akachukua kofia yake, akaondoka.

Nesi alinipima, akacheka mwenyewe, akanitundikia dripu. "Maji tu, binti. Umekauka kama dagaa." Lakini aliyetakiwa kulisikia neno hilo alikuwa ameshateremka kilima, na neno lingine lilikuwa limemtangulia.

Esperansi alimaliza wa tatu. Alikuja wodini na medali shingoni, akaivua akaificha mfukoni, na hilo liliniuma kuliko kama angeivaa. Nilipomwambia kuhusu zile meza alishika kichwa. "Yampayinka! Maji ya bure, umeletewa hadi mkononi, ukasema asante? Sisi kambini kuona haya tulikuacha kwenye foleni ya kwanza ya maji. Ungekuwa mkimbizi ungeshakufa!"

Alinisindikiza hadi nyumbani. Akamwambia Baba, "Shikamoo Baba. Huyu hana kitu chochote, ni kiu tu, nesi amesema."

"Marahaba," Baba akajibu. Kisha akarudia polepole, "Kiu." Basi. Baadaye nilimsikia akimwambia Mama jikoni anifungie nguo, Jumatano kuna gari la kwenda Biharamulo.

Nadhani anaamini kwamba sina mimba. Haimsaidii. Yeye alisema maliza, nami sikumaliza. Na zaidi ya hapo nimemfanya ambebe binti yake kwa aibu mbele ya mji mzima akidhani anambeba mtu wa heshima.

Leo kanisani wanawake walisogea pembeni wakaniachia nafasi kubwa kwenye benchi. Mmoja akaniambia nisikae kwenye saruji, baridi ya chini si nzuri "kwa hali yako". Wasichana wa darasani kwetu walikuwa nyuma yangu, nilisikia wakihesabu miezi kwa vidole. Na mlangoni matroni wa shule alinishika kiwiko: kesho kabla ya kengele, ofisini, nikapimwe mkojo. Kila aliyekuwa karibu alisikia. Hakushusha sauti.

Kesho nitapimwa na hawataona kitu. Halafu keshokutwa, halafu Jumatano na gari la Biharamulo. Kipimo cha matroni hakimhusu Baba.

Ninachokirudia kichwani si kicheko cha Kagoma wala kipaza sauti. Ni ile "vumilia, mama yangu". Alimwambia mtu asiyemjua. Na ile "atafika". Hiyo aliniambia mimi, ila hakujua kwamba naisikia.

Nimeamua nitamwambia leo, akirudi kutoka kufunga mbuzi, kabla hajakaa. Nimeiandaa sentensi. Naiandika hapa kwanza ili nione kama ina mwisho:

Baba, uliyembeba ni mimi, nilikusikia ukisema nitafika, na nataka kurudi shule.

Ina mwisho. Nimeisoma kwa sauti hapa chumbani, nikafika kwenye nukta. Lakini hapa hakuna anayenitazama.

Padri anagonga, anataka kufunga. Nje bado wapo. Nitapita katikati yao.