Nimepima, Hakuna Umeme

Nyumbani kwa dada yako,
Nyuma ya kiwanda cha mbao,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa kaka yangu,

Pokea salamu za huyu dada yako uliyekuwa ukimbeba mgongoni na kulalamika kwamba ni mzito. Sasa ndiyo usijaribu kabisa. Kifua chako kimetulia? Na wifi yangu, lile goti linamruhusu kupanda ngazi? Sisi huku wazima, tunakula, tunalala, tunamshukuru Mungu.

Kaka, kaa kitini nikupe habari. Chiriku wetu anamaliza kozi ya ufundi umeme pale chuoni, ile ya muda mfupi ya kuwatayarisha watu kwa mtihani wa leseni. Darasa zima wavulana, na anayewaongoza ni binti yangu. Sijisifu, nasema kilichopo. Haya, najisifu kidogo. Nisipomsifu mimi mama yake, nimwachie jirani?

Mtihani ni Alhamisi hii. Kufaulu atafaulu, hilo halina mjadala. Na kazi imeshapatikana: Jumatatu inayofuata anaanza kwenye kinu cha unga, mahali penye mitambo mirefu kuliko nyumba. Mvulana wa jirani amesoma miaka yote hiyo na bado anamwomba mama yake vocha.

Chuoni wamembandika picha ukutani, pale mlangoni, kwenye safu ya wanafunzi bora. Nilipoalikwa kuona mafunzo yao nilivaa gauni langu la bluu, nikasimama mbele ya ile picha mpaka watu wakawa wanapita pembeni. Kando yake kuna kijana mmoja anacheka, meno yote nje. Nikamuuliza karani, huyu naye yuko wapi siku hizi? Akaanza kupanga karatasi zilizokwisha pangika.

“Alifaulu vizuri sana, mama,” akasema. “Tulimzika kabla hajapokea mshahara wa pili.”

Na kaka, anayemfuata pale ukutani ni mwanangu.

Tukaingizwa darasani. Wana ubao mkubwa wenye soketi na swichi, sawasawa na ule wa mtihani, na wanafunzi wanafunga nyaya kwa kushindana na saa. Kabla ya kugusa, kila mmoja ananyanyua mkono na kutamka kwa sauti: “Nimepima, hakuna umeme.” Kisha mikono inaingia. Sikuona aliyepima. Nikamuuliza mkufunzi, mbona hawapimi? Alicheka kwa adabu. “Mama, ubao huu haujawahi kuunganishwa na umeme. Mtahini anasikiliza yale maneno tu, anatoa alama. Kozi ni fupi, hatuna muda wa kupoteza.”

Chiriku alimaliza wa kwanza. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Nilijivuna, sikufichi. Ubaridi uliniingia baadaye, hapa hapa nyumbani.

Jumanne soketi ya sebuleni ililegea. Nikasema, mbona fundi ninaye? Akaenda ukumbini akazima swichi, akarudi, akapiga magoti. Hii nyumba, kaka, aliyekaa humu kabla yetu aliongeza vyumba na kuvuta nyaya anavyojua yeye, na umeme wa sebuleni una swichi nyingine nyuma ya mlango wa jikoni. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeisahau. Mtoto akanyanyua mkono kama darasani, akasema, “Nimepima, hakuna umeme,” akashika bisibisi.

Nilikuwa nakunja nguo. Sijui kwa nini nilitazama juu.

“Chiriku,” nikasema, “feni inazunguka.”

Bisibisi ilibakiza upana wa ukucha iguse soketi. Akaitazama feni, akanitazama mimi, na kilichonitisha ni kwamba hakuelewa.

“Mbona nimeshapima?” akasema.

Testa yake, kile kipimo cha umeme, ilikuwa kwenye mkoba, bado imo ndani ya nailoni ya dukani. Na hakuwa anadanganya, kaka. Mwanangu namjua anapodanganya, pua inamcheza. Aliamini kabisa kwamba amepima. Mazoea yana taabu.

Tangu siku hiyo nasema naye. Nikisema sana ananijibu, “Mama, wewe umeme unaujua kwenye pasi tu.” Baba yake anacheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikaenda kusimama uani.

Ndiyo maana nakuandikia, tena nampa barua dereva wa lori la mbao anayekuja huko kesho, akukabidhi mkononi. Maneno haya si ya simu. Nakuomba ufike kabla ya Jumatatu ile. Watoto wangu wanakujua kwa picha, na kila picha mkono wa kulia umo mfukoni, hata ya harusi yangu. Wanadhani ni maringo ya mjomba. Najua hupendi kutazamwa. Najua pia uliyekuwa naye kazini siku ile umeme ulipokupiga alikwambia maneno gani kabla hujagusa. Ni hayo hayo.

Usihangaike na zawadi, wala hotuba usimpe, za chuoni zinamtosha. Akija kukuamkia, mpe huo mkono. Auone, aushike, ahesabu vidole mwenyewe.

Msalimie wifi, na wanangu wote, na yule mdogo asiyependa kuoga. Baba Chiriku anakusalimu. Mungu akulinde njiani, na atulindie aliye wetu mpaka ufike.

Hapa ninapofunga barua namsikia chumbani anafanya mazoezi ya mtihani. Ana sauti nzuri, mwanangu. “Nimepima, hakuna umeme.” Kisha anaanza upya.

Wako akupendaye tangu mgongoni mwako,
Dada yako, Mama Chiriku.