Majina ya Mwisho Bandani Mtawanya

Mtawanya,
Mtwara.
11 Februari 2025

Mpendwa mpwa wangu Nilza,

Tumsifu Yesu Kristo! Hujambo, mwanangu? Baridi ya huko Norwe imekuachia masikio? Sisi huku wazima. Mama yako Zulmira goti linamsumbua, ila ulimi hauna ugonjwa wowote.

Tulipata ujumbe wako kwamba bosi wako Halvard, huyo mwongozaji wa filamu, anahamia Hollywood moja kwa moja, na anataka uende naye uendelee kuwashonea waigizaji wake. Mama yako alikataa palepale. Alisema mtu akishafika kwa wakubwa huwasahau wadogo, nawe utaachwa ugenini kama ndala iliyokatika. Kisha akanitupia mimi mjomba neno la mwisho. Nikasema ngoja kwanza nimtazame huyo mtu kwa kazi zake.

Banda langu la video unalijua. Nilianza na filamu yake ya zamani uliyonitumia, ile ya mzee na ng'ombe wake kwenye theluji. Kinorwe sijui hata neno, nikawa natafsiri kwa kubahatisha. Mzee alikaa kimya muda mrefu hadi nikaishiwa uongo! Watu wakanizomea. Lakini ng'ombe alipokufa walilia, na mimi nililia nimeshika maiki.

Jumamosi nikaweka hii mpya ya Hollywood uliyoishonea nguo. Meli zinaungua, magari yanaruka, watu wamepanda juu ya mabenchi. Halafu katikati ya vita shujaa anarudi kwa mama yake, na mama anamenya viazi, anamenya tu, bila haraka. Nikamtambua yuleyule wa ng'ombe. Hollywood imempa kila kitu na bado hajaharibika mkono. Nilimheshimu sana, Nilza.

Sasa, kawaida yetu majina ya mwisho, ya waliotengeneza filamu, yakianza nazima, naweka filamu nyingine. Siku hiyo niliyaacha. Wakapiga kelele, "Raimundo, umelala?" Nikawasomea jina mojamoja, la mkubwa na la mpishi, mpaka nikawafikia washonaji: Nilza Mauricio. Mama yako akainuka na goti lake bovu. "Ntoto wangu huyo! Rudisha nyuma!"

Nilirudisha hadi watu wakawa wanalitaja jina lako kabla yangu.

Tulipofika mlangoni kwake mama yako akaniambia, "Mwandikie aende. Huyo mzungu anaandika hata wapishi."

Basi na neno langu ndilo hilo. Nenda, mwanangu.

Shangazi yako Claudia anakusalimu, na Dercio wa Madimba anauliza kama utamwona mtu maarufu. Mungu akutangulie kila mlango unaoingia, na mikono yako isichoke.

Bandani kwangu majina hayazimwi tena. Mama yako ndiye anayelinda swichi.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye na kujivunia wewe,
Raimundo