Nani Ananitoa Kanduyi?

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo nimefukuzwa na kompyuta. Saa nane na nusu mchana, niko hapa ofisini Kitale, nimeingia kwa mtandao kwenye ile kompyuta ya Kanduyi kama kawaida, nanakili ramani — skrini ikaganda. Halafu ujumbe: mtu mwingine ameingia kwenye kompyuta hiyo, kwa hivyo wewe umekatwa.

Mtu gani?

Ofisi ya Kanduyi haina mfanyakazi tangu Machi. Ni chumba cha mbele tu nyumbani kwa Mzee Walubengo. Yeye na Bw. Kiragu ndio wenye kampuni — Kiragu anapima mashamba ya huku, Walubengo ya Bungoma. Machi mzee akapata kiharusi. Mkono wa kulia haufanyi kazi, mdomo hautoi neno. Kiragu alienda kumwona Aprili, akarudi akasema mzee hajijui tena.

Ramani za miaka kumi na tisa ziko kwenye mashine yake. Wiki jana bosi Kiragu akaniambia nizilete zote Kitale, kwa hivyo siku hizi nashinda humo kutwa nzima. Naingia kwa jina la mzee. Nywila siijui. Mwaka jana alikuja hapa, akainama kwenye meza yangu, akaiandika mwenyewe, akaweka alama kwenye kile kisanduku cha kusema nikumbuke. Akasema, "Jentrix, sasa hutanisumbua tena." Tangu siku hiyo nabonyeza mara moja, niko ndani.

Nikabonyeza tena. Nikaingia. Kazi ikaendelea.

Jumanne, 5 Agosti

Tena. Mara tatu leo! Saa nane na dakika arobaini, saa tisa na kumi, saa tisa na nusu. Kila mara nabonyeza, narudi. Na kila nikirudi nakuta ramani ya Bokoli iko wazi. Sidhani niliifungua mimi. Naifunga, naendelea.

Jioni nikamwita Nyongesa, fundi wa kompyuta. Akaja akitafuna njugu. Akafungua mahali mashine inapoweka nywila zilizohifadhiwa. Jina la mzee, na chini yake vidoti. Vinane.

"Kwa hivyo ni neno la herufi nane?"

"Wapi. Ikiwa na herufi tatu, vidoti ni hivyo hivyo. Ikiwa na ishirini, hivyo hivyo. Hapo huoni kitu bana."

Inashangaza. Mashine yangu inalijua hilo neno, inalitumia kila siku, na mimi ninayekaa mbele yake siwezi kulisoma.

Nyongesa anasema ile akaunti inakubali mtu mmoja kwa wakati. Nikitolewa, maana yake kuna mtu ameketi kule mbele ya skrini na ameandika nywila kwa mkono. Na ameiandika sawa.

Lakini anayeijua ni mtu mmoja, na huyo hajijui.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemwambia Bw. Kiragu. Hakukasirika. Alifunga mlango. Anadhani kuna mtu wa kule anauza ramani. Ndipo akaniambia alichonificha: Jumanne ijayo anaenda Kanduyi na wakili. Mzee atolewe kwenye kampuni, mkewe asaini kwa niaba yake, mashine iletwe Kitale, ifutwe.

"Sifurahii, Jentrix. Tulianza na huyu mtu tukiwa na tepu moja na baiskeli mbili. Lakini mtu asiyejijua hawezi kuweka jina lake kwenye ramani ya shamba la watu."

Nikampigia Mama Nakhungu, mke wa mzee. Tukasalimiana, mulembe, mulembe, watoto, mahindi, mvua. Halafu nikauliza nani huingia ofisini.

"Hakuna mtu. Ni mzee tu. Namweka hapo mchana aote jua, si dirisha ni kubwa. Mimi narudi jikoni."

Na kompyuta?

"Hiyo hujiwasha yenyewe. Sijui kuizima."

Halafu, bila mimi kuuliza, akasema mzee ana shida mpya. Tangu Jumatatu. Anakaa ametulia, na ghafla anaanza kupiga meza kwa ule mkono wa kushoto. Anapiga mpaka machozi yanamtoka. Daktari ameongeza dawa.

Saa ngapi, Mama?

"Kama saa nane, saa tisa hivi."

Ni saa zile zile ninazotolewa. Kesho naenda Bungoma. Nimemwambia bosi naumwa na jino.

Alhamisi, 7 Agosti

Ni yeye.

Niliketi nyuma kabisa, kando ya kabati la ramani. Mama Nakhungu alimsukuma mzee kwenye kiti cha magurudumu mpaka mezani. Mzee akanitazama, upande mmoja wa uso ukainuka. Mama akasema humfanyia hivyo kila mtu, hata kuku. Akaenda zake jikoni.

Mzee akangoja mlango ufungwe. Halafu akapeleka mkono wa kushoto kwenye kibodi. Kidole kimoja. Herufi — anapumzika — herufi. Kidole kikiteleza anafuta yote, anaanza mwanzo. Kwa saa ya ukutani zilipita dakika nne. Niliangalia upande mwingine. Nilitaka sana kuona anabonyeza wapi, nikaangalia ukuta.

Ikafunguka. Akafungua ramani ya Bokoli, shamba la Wanyonyi na ndugu yake, alilopima Februari. Akavuta mstari wa mpaka kidogo tu. Akapumzika. Akavuta tena.

Hapo nikaelewa. Nilikuwa nauliza nani ananitoa. Mimi ndiye niliyekuwa namtoa yeye! Nikibonyeza mara moja kule Kitale, huku skrini yake inajifunga. Anaanza kuandika upya kwa kile kidole. Akifanikiwa, nabonyeza tena. Na ile ramani niliyokuwa naifunga bila kuihifadhi — ndiyo kazi yake ya siku nzima. Halafu anapiga meza. Halafu anaongezewa dawa.

Nikamwendea. Nikafungua ukurasa mtupu wa kuandikia. "Mzee, ni mimi."

Akaandika JENTRIX.

Halafu, polepole, WEWE UNANITOA.

Nilicheka, halafu sikuweza kucheka. Nikamwambia sikujua. Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu asiye na muda wa mambo hayo, akaandika: BOKOLI NILIKOSEA. MITA SITA. Halafu: KISIMA NI CHA WANYONYI.

Kumbe. Kwa ramani ile kisima kimeangukia upande wa ndugu yake. Na seng'enge inawekwa baada ya mavuno. Tangu kiharusi kimpige, mtu huyu amebeba kosa la mita sita kichwani bila mdomo wa kulisema.

Nikamwita Mama. Alikuja na unga mikononi, akasimama mlangoni. Mzee akaandika NAKHUNGU. Alipoona amesoma, akaongeza: DAWA INANILALISHA.

Mama alisoma kwa sauti, neno moja moja. Akaketi chini pale pale, kwenye sakafu. "Miezi mitano," akasema. "Miezi mitano namwongelesha kama mtoto mchanga."

Ijumaa, 8 Agosti

Jino limepona. Nimemwambia bosi yote, na uongo wa jino pia.

Alisikiliza akizungusha kalamu. "Mtu anaweza kumwandikia."

Nikasema nilikuwepo. Akasema, "Wewe unampenda mzee, na anayependa huona anachotaka." Halafu akauliza, na hili nadhani ndilo lililomuuma: "Mbona Aprili nilikaa naye saa mbili nzima na hakunipa hata ishara?"

"Ulimpa kibodi?"

Baadaye alikuja mpaka mezani kwangu. Akasema basi mzee aandike Jumanne, mbele ya wakili. Aifungue mashine peke yake, bila mtu kumshika mkono.

Na akishindwa?

"Akishindwa, Jentrix, tunasaini."

Jumamosi, 9 Agosti

Nafua nguo hapa nyumbani Kibomet na bado nafikiria lile neno. Ni jina la mtu? La mto? Namba ya shamba la kwanza alilopima? Limekaa kwenye mashine yangu mwaka mzima. Najua ni ujinga. Nataka kujua tu.

Mama Nakhungu amepiga. Wameenda kwa daktari, dawa imepunguzwa. Ati mzee jana aliandika anataka samaki, si uji. Alimpikia.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefanya jambo. Sijui kama ni la akili.

Kesho nikiwa Kanduyi, Waithera wa mapokezi atakaa kwenye meza yangu. Ameambiwa aendelee kunakili ramani, maana theluthi moja bado. Nilimwomba asiguse mchana. Akasema sawa. Lakini Waithera husahau, na kubonyeza ni mara moja tu. Mzee akiwa katikati ya kuandika mbele ya wakili, skrini ijifunge, nani ataamini?

Nikampigia Nyongesa nimuulize namna ya kuifuta ile nywila iliyohifadhiwa. Akanionya kwanza.

"Ukiifuta huirudishi. Na huijui. Mzee akishindwa kesho, hizo ramani utazitoa aje?"

"Sijui."

"Bosi anajua?"

"Atajua."

Kompyuta nayo ikauliza kama nina uhakika. Upande mmoja, theluthi nzima ya ramani za watu. Kazi yangu. Upande wa pili, mzee na kidole chake. Nikabonyeza ndiyo.

Nikajaribu kuingia nione. Dirisha likatokea, jina la mzee, na nafasi tupu ya nywila. Kistari kinawaka na kuzima tu. Sina cha kuandika.

Nikaenda kumwambia bosi kabla hajaondoka. Akachukua koti lake. Hakusema nimefutwa kazi, hakusema sijafutwa.

Jumanne, 12 Agosti

Naandika daftari likiwa gotini, kwenye kile kiti kando ya kabati. Saa nane na robo. Hakuna anayeongea, kwa hivyo naandika.

Wakili ameketi karibu na mlango na faili lake. Bw. Kiragu amesimama. Mama Nakhungu ameambiwa akae mbali, amekaa mbali, mikono kwenye mapaja. Mzee amevaa shati jeupe, na tai. Tai ilifungwa na Mama, imepinda.

Jaribio la kwanza limekataliwa. Mashine imeandika kwamba nywila si sahihi. Wakili akakohoa, akafungua faili. Bw. Kiragu akasema kwa sauti ya chini, "Walubengo, ndugu yangu, si lazima." Akainama kama anayetaka kumsaidia. Mzee akainua ule mkono wa kushoto — ngoja. Kiragu akarudi nyuma.

Jaribio la pili, mzee alifika mbali, nadhani karibu na mwisho, halafu akasimama. Akafuta yote mwenyewe. Jasho linamtoka. Jua limezunguka, sasa linapiga kwenye skrini moja kwa moja. Anakunja jicho. Nadhani haoni vidoti vyake, hajui amefika wapi. Natamani kusema. Nimeambiwa nisiseme.

Wakili ametazama saa. Amesema kwa heshima kwamba ana kesi Webuye saa kumi, na kalamu iko juu ya karatasi.

Mzee ameanza tena. Herufi. Anapumzika. Herufi.

Bw. Kiragu ameondoka pale alipokuwa. Nilidhani anaenda kwa wakili. Amepita karatasi, ameenda dirishani, amevuta pazia, na sasa kwa mkono wake ameshikilia ule upande wa pazia usiofika, ili kivuli kikae kwenye skrini. Wakili amemuuliza kitu. Hajageuka.

Mzee hajainua kichwa. Kidole kiko juu ya kibodi, kinatafuta herufi inayofuata.