Gauni Lililotangulia Msiba

Jumapili, 14 Oktoba 1571
Ursula amekufa. Nimeandika, na bado siamini.
Tumerudi kutoka gulioni jioni – mlango wazi, moto umezimika, nyumba kimya. Tumemkuta kwenye bwawa la samaki, kifudifudi. Maji yenyewe hayafiki kiunoni! Gilbert, mume wangu, ndiye aliyemtoa. Yeye hakuja gulioni. Jino lilimuuma, anasema, akalala. Hakusikia kitu.
Tulinyonya ziwa moja la mama yangu, mimi na Ursula. Leo nimemfumba macho kwa vidole hivi hivi.

Jumatatu, 15 Oktoba
Mjumbe kaondoka alfajiri kwenda London kumpasha habari mumewe Ursula, Sir Lambert. Yuko huko kwa Malkia. Hajalala nyumba hii miaka miwili. Jikoni wananong'ona kuwa anamtaka mjane mmoja tajiri, ila mke alikuwa kikwazo. Nimewafokea. Kisha nikaenda stoo kulia.

Jumanne, 16 Oktoba
Mchunguzi wa vifo amefika na wazee wake wa baraza. Mjakazi mmoja kawaambia alimsikia Ursula akimwomba Mungu amtoe katika dhiki. Mpumbavu! Nani asiyeomba hivyo? Sasa wanasema huenda alijiua. Wakiamua hivyo, hana kaburi la kanisani. Atafukiwa njia panda, na kigingi kifuani, kama wote waliojiua.
Gilbert kaniambia: "Alhamisi watakuita wewe. Waambie aliteleza, basi. Azikwe kama watu." Nimekubali. Kwa hilo hata uongo nitasema.

Jumatano, 17 Oktoba
Mvua. Hob mchukuzi kaingia na mkokoteni wake kutoka London, tope mpaka kwenye kope. Akamtania mpishi: "Nipe supu, mama, la sivyo mtanizika hapa hapa!" Mpishi akaficha uso kwenye aproni. Akashtuka. "Kwani vipi? Nani kafa?"
Maskini, angejuaje? Alitoka London Ijumaa.
Kaleta sanduku kutoka kwa fundi wa Sir Lambert, jina langu juu yake. Nimelifungua. Gauni jeusi la msiba, na ushungi wake.
Nikakaa chini. Najua desturi ya wakubwa: mume haendi mazikoni mwa mkewe; mwanamke ndiye huongoza waombolezaji. Gilbert anasema, "Umechaguliwa wewe. Bwana amekuheshimu." Nikamuuliza: amenichagua lini? Ursula kafa Jumapili – gauni lilikuwa njiani tangu Ijumaa!
Akalifunga sanduku. "Mke wangu," akasema, "mdomo uliponza kichwa."
Naogopa. Sijawahi kumwogopa.

Alhamisi, 18 Oktoba
Nimelivaa. Limenikaa! Kwapani, kiunoni, hata pindo – mimi huyu mfupi, ambaye kila gauni lazima nilipunguze. Fundi yule hajawahi kuniona.
Mwezi uliopita Gilbert alichukua gauni langu la kahawia, eti analipeleka likashonwe mkono uliochanika. Lilirudi limechanika vile vile. Nilimcheka sana siku ile. Nikamwita mzee msahaulifu. Kumbe lilikwenda kwa fundi, kutoa kipimo.
Nikisema haya, atanyongwa. Nampenda – Mungu nisamehe, hata sasa nampenda. Na nikisema aliteleza, Ursula atalazwa kanisani kwa heshima zote, nami nitamfuata nyuma nikiwa na nguo iliyoshonwa yeye akiwa hai, anakula, anacheka, ananisuka nywele.
Wazee wamekaa ukumbini. Gilbert ananiita kutoka chini ya ngazi, sauti laini kama ya siku ya harusi: "Joyce, wanakungoja. Vipi, limekukaa?"
Nimejifunga ushungi.
Hob anataka kuondoka kabla mvua haijarudi. Nimetuma neno jikoni: wamwongezee supu, wamkalishe karibu na moto, asiende popote mpaka wazee wamwulize alitoka London siku gani.