Mbuzi Hufika Hapa

Garissa,
Jumapili, baada ya mvua

Mama mpendwa,

Kabla sijakujulia hali, niruhusu niweke mbele yako swali ambalo nimeshindana nalo tangu nilipofika huku: je, mtu anaweza kuuchora kwa haki mmea ambao hajawahi kuutegemea wala kuuogopa? Chuoni ningelijibu kwa kurasa kumi. Hapa sina hakika hata ya sentensi moja.

Sasa nikuulize. Goti bado linakusumbua asubuhi zenye ukungu? Baba amekubali kuvaa miwani? Mimi ni mzima. Joto nimelizoea kiasi cha kujifunika khanga mvua inaponyesha, na chai ya maziwa ya ngamia, ambayo mwanzoni niliinywa kwa adabu tu, siku hizi naiulizia.

Katika barua yako ya mwisho ulitaka kujua kama nitarudi Desemba kuchukua ile nafasi ya ualimu Wundanyi. Nilikuahidi kwamba nikiona sifai huku nitarudi. Mwezi uliopita nusura nirudi, na sababu ilikuwa ua.

Kazi yangu unaijua: nachora vielelezo kwenye karatasi ya miraba, kila mraba ukiwa mshono mmoja wa nyuzi mbili zinazokatana, na akina mama wa kikundi chetu huvidarizi kwenye vitambaa vidogo tunavyovibandika kwenye kadi. Duka moja la zawadi la Nairobi lilitaka kadi za Idi zenye mimea ya huku. Njiani kwenda Hagadera nilikuwa nimeliona waridi la jangwani: shina limevimba kama chungu, halina jani hata moja, na juu yake maua yamewaka katikati ya vichaka vya kijivu. Nililichora kwa majuma matatu, nikitafuta nyuzi tano za wekundu unaotofautiana kidogo kidogo. Sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia karatasi ile.

Niliwaonyesha akina mama. Mama Dahabo, mkubwa wao, aliyekuwa mfugaji kabla ukame haujamleta mjini, aliitazama, akaikunja, akaiweka chini ya birika.

"Mwalimu, hii kadi unatumia nani? Adui yako?"

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka.

"Hii inaua mbuzi. Mwaka ya njaa mbuzi yangu saba ilikula hii, yote ikalala. Sasa unataka nishone, halafu mtu aandike Idi njema juu yake?"

"Eedo, watu wa Nairobi hawana mbuzi," alisema Hodan, binti wa kaka yake. Eedo ndiyo shangazi yao.

"Mimi nilikuwa nayo."

Kesho yake hakuja mtu. Wala siku iliyofuata. Nilikaa na vitambaa visivyoguswa, nikaanza kuitunga kichwani barua ya kukuambia kwamba nakuja.

Siku ya tatu Mama Dahabo aliingia bila kubisha, akatupa mezani tawi la mti wanaouita mareer, lenye vitunda vya rangi ya chungwa.

"Chora hii. Hii tumekula sisi na mbuzi pamoja."

Nikachora. Nilichora mti wa duara, uliojaa, upande huu ukilingana na ule. Safari hii alicheka mpaka akakaa.

"Huyu mti anaishi wapi? Kwa benki?"

Kisha yeye, ambaye hajawahi kukaa darasani, akachukua kifutio changu na kufuta matawi yote ya chini, mstari mmoja ulionyooka kama wa rula. "Mbuzi anasimama na miguu mbili, anafika hapa." Akafuta na pengo dogo juu, upande wa kulia. "Hapa ngamia alipita."

Mama, miti ya namna hiyo naipita kila siku. Nilidhani ndivyo inavyoota.

Akina mama wote wamerudi. Mwenye duka alipozipokea kadi alipiga simu kuuliza kama nyuzi zilituishia, mbona mti umekatwa chini. Nilimweleza kama nilivyoelezwa. Akaagiza nyingine.

Ningependa basi kuhitimisha kwamba mkono ushone kile tu unachokijua. Lakini najishuku. Nakumbuka vitambaa vyako vya makochi, na yale maua uliyoyanakili kutoka gazeti la zamani, ambayo hayajawahi kuota Taita na ambayo mpaka leo hatuyajui jina. Kwangu mimi, hayo ndiyo nyumbani.

Ndani ya bahasha utakuta mareer alioushona Mama Dahabo mwenyewe. Sikuubandika, kwa kuwa najua utaugeuza kwanza uukague mgongo. Mwonyeshe Shangazi Mkawasi, aliyenivumilia nilipokataa kushika sindano kwa mkono wa kulia. Nisalimie kaka yangu Mwakio na mkewe, na umwambie Baba kwamba miwani si kukubali uzee.

Limebaki jambo moja. Juzi Hodan alichelewa kuondoka makusudi. Aliniomba ile karatasi ya waridi, aishone iwe yake, si ya kuuza. "Ni mrembo sana, mwalimu. Mimi nimezaliwa hapa mjini, sina mbuzi ya kulilia."

Sijampa, wala sijamkatalia. Nikimpa, nitakuwa kama ninayemwambia Mama Dahabo kwamba mbuzi wake saba wameshasahaulika. Nikimnyima, nitakuwa nimemkataza msichana kuona kwa macho yake mwenyewe, jambo ambalo wewe hukunifanyia kamwe. Kati yao wawili sijui ua lile ni la nani, na sidhani kwamba ni mimi ninayestahili kuamua. Karatasi ingali imekunjwa chini ya birika, pale pale ilipowekwa. Siwezi kuiacha hapo nikaondoka. Kwa hiyo Desemba, Mama, sitarudi.

Mwanao anayekukumbuka kila anapotunga uzi,
Wakesho