Pikipiki Isiyo na Baba

Jumanne, 4 Juni 2024

"Marafiki hawabadilishani vyombo. Chombo kikiharibika, urafiki nao unakwenda gereji." Hiyo ni hoja ya Abdulazizi muuza vitunguu, leo asubuhi, kijiwe cha kahawa hapa Mandewa. Kidole juu, kama anatangaza mwezi umeandama.

Upuuzi! Urafiki unaovunjwa na plagi haukuwa urafiki, ulikuwa ujirani. Nilimwambia hivyo. Babu zetu walibadilishana fahali, mashamba, hata wakwe, na bado walikunywa pombe kwenye kibuyu kimoja. Kisichobadili mikono ni kaburi tu. Kijiwe kizima kikacheka. Abdulazizi akaikodolea macho kahawa yake. Nimeshinda!

Tatizo ni moja. Tangu Machi rafiki yangu Gasto ananibembeleza tubadilishane pikipiki, na tangu Machi namkatalia. Yeye hununua kuku Issuna; anaitaka yangu kuukuu kwa sababu inabeba matenga mawili mchangani bila kunung'unika. Mimi nichukue yake mpya, ya kuwasha kwa kubonyeza. Na leo alikuwa pale pale kwenye benchi. Nilipomaliza kuhutubia akaweka kikombe chini.

"Basi kaka, nipe ufunguo."

Mbele ya watu! Ningefanya nini? Nikasema tujaribu kwanza mpaka Jumatatu, kadi zibaki kwa wenyewe. Abdulazizi alitabasamu. Sikulipenda lile tabasamu.

Alhamisi, 6 Juni

Ya Gasto inawaka kwa kidole. Kidole! Goti langu la kulia, lililoumia kwa kupiga kiki miaka yote hii, linashangaa limestaafishwa lini.

Mke wangu Asnath amefurahi kupita kiasi. Nikamuuliza: unataka niibadilishe moja kwa moja?

"Mimi nataka kunywa chai bila kuacha kikombe nije kukusukuma."

Lakini haina sauti. Nimepita sokoni, hakuna aliyegeuka. Zamani ofisi ya kata walinisikia tangu njia panda. Mtendaji alikuwa na muda wa kupanga mafaili kabla sijaingia na malalamiko ya maji. Leo nimemkuta anakula karanga. Mtu wa hoja anahitaji chombo kinachotangulia kumpigia hodi.

Jioni Gasto kapita na yangu. Matenga mawili, kuku vichwa nje. Inanguruma vizuri — vizuri kuliko inavyoningurumia mimi. Msaliti! Muhogo niliokuwa nakula ukanishinda.

Jumamosi, 8 Juni

Mazishi Ilongero. Baba mkubwa wa Gasto, mzee aliyeshiba siku. Alizika wake wawili na madaktari wake wote. Gasto kaenda na yangu, mimi na yake.

Tunarudi kutoka makaburini — kelele uani. Watani! Wanyiramba, watani zetu sisi Wanyaturu, Peniel mbele. Mwaka jana kwenye msiba wao niliingia kaburini nikajilaza, nikakataa kutoka mpaka wanipe jogoo. Hajasahau. Wameiteka pikipiki yangu. Wameivalisha kanga kwenye usukani kama mjane, wameizunguka, wanaililia: "Maskini, amekuacha na nani!"

"Mwenye hiki kinu cha kusaga ni nani?" Peniel akauliza.

Vidole vyote kwangu. Tarafa nzima inaijua. Na mtani akiteka kitu msibani, mwenyewe ndiye hukomboa. Nikajibu upesi — mdomo huu! — kwamba si yangu, ni ya Gasto, akomboe yeye.

Gasto akaruka. "Yangu tangu lini? Si tunajaribu tu!"

"Wewe si ulinibana mbele ya watu?"

"Ulijibana mwenyewe, kaka."

Peniel akainua mikono. "Jamani, mmesikia. Haina baba. Na yatima wa Kinyaturu hulelewa na watani."

Ukoo mzima ukacheka, hata mke wa marehemu aliyebaki. Ndipo Peniel akatoa hukumu, na wazee wa pande zote mbili wakaitikia: anaikalia mpaka matanga yaanuliwe Jumatatu. Wa kwanza kusema "ni yangu" ndiye mwenyewe, kesi imekwisha. Asiposema mtu, inakwenda Iramba kubeba maji. Na fidia si jogoo.

"Huyo mwenyewe atakaa kwenye kigoda katikati ya uwanja. Tutamsema kuanzia uji mpaka ugali. Asijibu hata neno moja."

Asijibu! Hata shetani hajabuni moto wa namna hiyo.

Jumapili, 9 Juni

Gasto kapiga simu. Amefikiri. Kunyamaza kwake si kazi — "mimi nimeoa, kaka" — kwa hiyo yuko tayari kukaa kigodani na kusema ni yake. Ila anataka kwanza nimwambie wazi kama naitaka, maana hataki liwe neno kati yetu baadaye.

Nikamrudia hoja zangu zote za Jumanne. Fahali, mashamba, kaburi. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Hizo ulimjibu Abdulazizi. Mimi nimekuuliza swali."

Akakata.

Nilipomsimulia Asnath hakuinua macho kwenye mchele aliokuwa akiuchagua. "Si ulimshinda Abdulazizi? Haya, panda ushindi wako."

Jumatatu, 10 Juni

Upepo mkali. Nimeshavaa koti. Uji Ilongero ni saa tatu.

Goti linasema badilisha. Akili inasema badilisha. Gasto ana kuku wa kubeba, mimi nina makaratasi tu. Hoja zote ziko upande ule. Nimezitunga mwenyewe na ni nzuri, sioni pa kuzitoboa.

Naitaka pikipiki yangu. Hoja sina. Naitaka tu.

Hanifa, mke wa Abdulazizi, amepita sasa hivi kumwambia Asnath: kijiwe kizima kimekodi gari, kinakuja Ilongero kunitazama nikinyamaza. Wamebeba na kahawa!

Abdulazizi, na ninyi wanywa kahawa wote wa Mandewa: shukeni kwenye hilo gari. Msiba si wenu. Nendeni mkauze vitunguu.

Na wewe Gasto, ndugu yangu, najua umelala huko huko na bakuli la uji liko mkononi. Kunywa. Jaza mdomo, ujaze tena. Usiseme neno mpaka nifike.