Valvu ya Chilimo

Jumanne, 4 Agosti 1992
Uji bila sukari. Goti la kushoto linauma, la kulia linangoja zamu. Nikafuta vumbi kwenye ampli kama kila Jumanne, nikachomeka gitaa. Ikakohoa, ikatoa harufu ya nywele zilizoungua, ikanyamaza. Nikafungua mgongo. Ile valvu, chupa ndogo ya kioo inayonyoosha umeme, imekufa, nyeupe kama jicho la mbuzi wa kuchoma. Umeme wa ukutani huja ukipepesuka kama mlevi. Valvu hii ndiyo huushika mkono ukatembea sawa. Bila yake ampli ni sanduku.

Imechagua wiki mbaya. Rafiki yangu Chilimo karudishwa nyumbani kutoka hospitali bila dawa mpya. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini hilo naelewa maana yake. Anataka kitu kimoja: nimpigie gitaa kwa ampli ile ile tuliyozunguka nayo na bendi yetu, Kondoa mpaka Manyoni. Nimeahidi. Mdomo wangu huu.

Alhamisi, 6 Agosti
Sokoni Majengo, kwa Rama fundi redio. "Shikamoo babu. Mambo ya kioo yamekwisha hayo, tuweke daiodi." Vidude kama punje za mtama. Akaviweka. Ampli ikalia, tena kwa nguvu. Sikuipenda. Ampli yangu ukiipiga kwa nguvu huinama kidogo kwanza, ndipo huinuka na sauti, kama mtu mrefu anayeingia nyumba ya tembe. Hii ya daiodi haiinami. Inakufokea kama karani. Na transfoma ikaanza kunuka. Nikamwambia toa. Akanung'unika, akanifungia daiodi zake kwenye karatasi nikabaki nazo.

Ijumaa, 7 Agosti
Maduka yamejaa siku hizi. Kila kitu ruksa: sabuni za rangi saba, redio za plastiki, mwaka huu hata vyama vingi. Valvu hakuna. Duka moja karibu na stesheni wakanitolea moja inayofanana. Miguu sawa, tumbo kubwa zaidi, namba nyingine. Muuzaji anaapa ni ndugu yake. Ndugu mlafi huyo: anakula umeme kuliko transfoma yangu inavyoweza kumlisha. Niliitamani hata hivyo. Nikairudisha. Nina hasira na dunia nzima.

Jumamosi, 8 Agosti
Kwa Chilimo, Chang'ombe ya kwetu, si ya Dar. Amebaki mifupa na macho. Ulimi mzima.

"Mpagazi, leo umebeba mzigo wa nani?"

Mimi Mnyamwezi, yeye Mgogo. Tu watani tangu babu zangu walipobeba mizigo ya misafara kupita Ugogo, na babu zake wakawatoza hongo ya njia. Nikamwambia nimekuja kuidai hongo irudi. Akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi kirefu.

Kando ya kitanda redio yake kubwa ya mbao inasema mchana kutwa. Mkewe, Mama Neema, anasema ikizimwa mgonjwa anahangaika kama mtoto. Nikachungulia mgongoni mwa redio. Valvu ile ile. Namba ile ile.

Mtani haombi, anachukua. Nimeshachukua jogoo wake, baiskeli yake, hata suruali yake ya harusi. Leo mkono umekataa. Nimpigie gitaa kwa kumnyang'anya redio? Nimerudi mikono mitupu. Najichukia.

Jumatatu, 10 Agosti
Mama Neema kaja na soksi ya mumewe. Ndani yake valvu ya redio yao. Na salamu za Chilimo: alimwona mwizi akichungulia, akaona haya kuwa na mtani mwoga. Hongo imerudi, usiivunje.

Nikaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu. Mimi.

Jumanne, 11 Agosti
Ampli kwenye toroli mpaka Chang'ombe, majirani wakipiga kelele kwamba mpagazi kapata kazi. Nikapiga ule wimbo wetu wa kufungia dansi. Ampli ikainama, ikainuka. Chilimo kafumba macho, kidole kinafuata juu ya blanketi.

Nikamaliza. Akasema, "Pale katikati bado unakosea. Miaka yote hii."

Kweli nakosea. Nikataka kurudisha valvu kwenye redio, akakataa. Nije kesho nipige tena.

Jumatano, 12 Agosti
Nimepiga tena. Kidole hakikusogea.

Alhamisi, 13 Agosti
Chilimo kafa alfajiri. Sitaki kuandika.

Ijumaa, 14 Agosti
Mtoto wao wa Dar kalipia tangazo la kifo, lisomwe redioni jioni. Majirani wameleta redio zao za betri. Mama Neema hazitaki. Anataka alisikie kwenye ile ya mumewe. Nikachomoa valvu kwenye ampli, nikaichomeka. Ikapata joto taratibu. Likasomwa: jina lake, jina la mkewe, watoto, maziko kesho. Mama Neema akaitikia "ndiyo", kama mtu aliyeulizwa.

Jumamosi, 15 Agosti
Watu walingoja ampli ilie uani kabla ya kwenda makaburini. Waliobaki wa bendi yetu walikuja kwa hilo. Mama Neema mwenyewe akaniambia, "Shemeji, nenda kaichukue valvu." Nikaingia chumbani. Kitanda kimetandikwa. Redio inataja bei ya alizeti, na mbele yake ameweka kiti kimoja.

Sikuichomoa.

Nikapiga gitaa kavu, bila ampli. Waliosikia ni wa mbele tu. Pale katikati nikakosea. Kisha nikalala mlangoni mbele ya jeneza, kama mtani anavyopaswa, nikasema halipiti mpaka Wagogo walipe hongo. Watu wakacheka sana. Mimi nililia, wakadhani ni mchezo ule ule.

Jumanne, 18 Agosti
Uji. Nimefuta vumbi kwenye ampli. Tundu la valvu nimeliziba kwa kitambaa, buibui wasijenge. Daiodi za Rama ziko mezani, bado ndani ya karatasi.

Jana nilipita Chang'ombe. Redio nimeisikia tangu barabarani. Sikuingia.

Babu zangu walipita Ugogo wakalipa. Nami nimelipa.